Kulipa deni kwa deni

Huku London sisi wazima, baridi ndiyo mwenyeji wetu. Wengi mmeniuliza: hao wanaoikopesha serikali yetu, si mko nao huko huko? Ndiyo, wengine wako hapa hapa City. Basi leo niseme langu.

Mwaka 2014 Kenya iliuza hati fungani zake za kwanza ng'ambo. Zile za miaka 10, jumla dola bilioni 2, zilikuwa na riba ya asilimia 6.875, za kulipwa kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Siku ilipokaribia, serikali ikakopa tena: Februari 2024 iliuza nyingine za dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili inunue zile za zamani. Na huko nyumbani ikazidi kuuza hati za hazina za siku 91, 182 na 364. Hizi za siku 364 riba ilipita asilimia 16!

Jamani, kukopa ili ulipe si dhambi. Hata Uingereza hufanya hivyo. Lakini wao hukopa kwa pauni yao wenyewe. Sisi tulikopa dola ikiwa shilingi 87 hivi, na Januari 2024 ikafika 160. Deni linanenepa bila kuongeza hata senti.

Na mkopo wa siku 91 ni sawa na kurudi kwa mwenye duka mara 4 kwa mwaka, na kila ukirudi anataja bei mpya. Tena benki ikipata asilimia 16 kwa serikali, nani atamkopesha mama muuza samaki?

Ni kweli, mauzo yale ya Februari yalituliza masoko na shilingi ikapanda. Lakini mlipaji ni nani? Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga kodi za Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani.

Maoni yangu: kila serikali inapokopa ili ilipe, itangaze kwa Kiswahili chepesi ni kiasi gani, riba ngapi, na deni lipi linazimwa. Waheshimiwa wakija kuomba kura, waulizeni hayo kabla ya kupokea fulana.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Nisalimieni wazee wote.