"Pigeon pea" na Mbaazi: Hoja Dhidi ya Tafsiri Mkopo katika Majina ya Mimea

Miongoni mwa njia za kuunda istilahi za Kiswahili, tafsiri mkopo imependelewa kwa kudhaniwa kwamba viambajengo vya neno ambatani la Kiingereza hubainisha sifa za kitu kinachotajwa. Katika majina ya mimea dhana hiyo ina udhaifu mkubwa, kama mfano wa mbaazi unavyodhihirisha.

Jina "pigeon pea", ambalo kwa tafsiri sisisi ni "njegere ya njiwa", linahusishwa na kisiwa cha Barbados, ambako mbegu hizo zililishwa njiwa. Leonard Plukenet aliliandika mwaka 1692. Mmea wenyewe asili yake ni Bara Hindi. Ulifika Amerika kutoka Afrika enzi za biashara ya utumwa, ndiyo maana uliitwa pia "Congo pea" na "Angola pea". Huko India, Kiingereza kiliuita "red gram", na "gram" latokana na neno la Kireno lenye maana ya punje. Kila jina, basi, huhifadhi historia ya aliyelitoa. Mfasiri ajuaye kuwa "green gram" ni choroko, akifuata mantiki ya viambajengo, ataandika "choroko nyekundu" na kubuni zao lisilokuwepo.

Kiswahili hakihitaji mwambatano wowote hapa. Upatanisho wa kisarufi pekee hutenganisha mti na mbegu: "mbaazi umechanua", lakini "mbaazi zimekauka". Methali isemayo kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua inathibitisha jinsi jina hilo lilivyokita mizizi.

Suala hili linavuka mipaka ya kamusi. Nangara ni kata ya mji wa Babati, katika eneo ambalo wakulima hupanda mbaazi pamoja na mahindi na kutegemea sana soko la India. India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi mwaka 2017, bei nchini Tanzania iliporomoka. Taarifa ya soko au ya ugani iliyoandikwa kwa istilahi ya kubuni ingempita mkulima huyo bila kumfaa.

Inapasa, kwa hiyo, waunda istilahi waanze kwa kukusanya majina yatumikayo mashambani na sokoni. Tafsiri mkopo ibaki kuwa njia ya mwisho, na isitumike kabla etimolojia ya neno la Kiingereza haijachunguzwa.