Moyo wa Msafiri ni Amana ya Nyumba



Nyumba nyingi za pwani zina baba au kaka aendeshaye lori kutoka bandari ya Mombasa hadi mipaka ya Malaba na Busia. Huko foleni huwa ndefu. Dereva hushinda kitini, hula vya kukaanga, huvuta sigara ili asisinzie. Mishipa inayoulisha moyo ikiziba kidogo kidogo, kifua huanza kumbana, naye hunyamaza, akichelea kupoteza kazi.

Baadhi ya akina mama wametuuliza juu ya mashine isaidiayo mzunguko wa damu bila upasuaji. Mgonjwa hulazwa, akafungwa mikanda ya hewa miguuni, mapajani na makalioni. Mashine hufuata mapigo ya moyo. Moyo unapopumzika, mikanda hubana na kuirudisha damu juu, hata ikaingia kwa wingi katika mishipa ya moyo. Moyo unapokaribia kupiga, mikanda hulegea, nao ukapata wepesi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulionyesha kuwa maumivu ya kifua yalipungua kwa waliotibiwa hivyo.

Lakini tuyatambue mambo matatu. Kwanza, mashine haizibui mshipa ulioziba, wala haichukui nafasi ya vidonge, matembezi na kuacha sigara. Pili, haimfai kila mtu: mjamzito, mwenye damu iliyoganda miguuni, au mwenye vali ya moyo inayovuja sana. Daktari wa moyo ndiye mwenye kauli. Tatu, tiba ni saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 7. Yaani mara 35. Dereva hawezi kuikamilisha naye yuko Malaba.

Hapo ndipo familia inapopimwa. Je, tuko tayari kumwambia baba apumzike, na sisi tupunguze matumizi ya nyumba? Au tutazidi kumpigia simu kuulizia karo tu, bila kuuliza kifua chake?

Na maumivu yakimshika asitulie, jasho likamtoka, asingoje foleni isogee wala mashine yoyote. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Busia ipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Kutafuta tiba hakupunguzi tawakkul, bali ni sehemu yake.

Mwenyezi Mungu awarejeshe wasafiri wetu salama. Amin.