Liable: Nani Atalipa?

 

Leo neno lenyewe ni la Kiingereza, na najua kuna mtu ameshaanza kuguna: sisi tuliozaliwa Leicester na London ndo tufundishwe Kiingereza? Subirini kidogo. Hili ni neno ambalo wengi wetu tunalipita tu kwa macho, mpaka siku mzazi anapokusogezea barua mezani na kusema, "Hebu nisomee hapa, wanataka nini hawa?" Unasoma, unaelewa, halafu ukifungua mdomo kumweleza, Kiswahili hakitoki.

Neno ni *liable*.

Tuanze na kile ambacho siyo. *Liable* siyo *guilty*. Kiswahili kinatenganisha haya mambo vizuri sana: kuna kesi ya jinai na kuna kesi ya madai. Kwenye jinai, serikali inamshtaki mtu, na akishindwa tunasema amepatikana na hatia. Kwenye madai hakuna hatia. Kuna mdai na kuna mdaiwa, na swali ni moja tu: nani atalipa?

Mfano mkubwa wa tofauti hii ni O.J. Simpson. Mwaka 1995 baraza la mahakama Los Angeles lilimwachia huru kwenye kesi ya mauaji ya Nicole Brown Simpson na Ron Goldman. Mwaka 1997, kwenye kesi ya madai iliyofunguliwa na familia za marehemu, baraza lingine likasema ni *liable*, na akaamriwa kulipa dola milioni 33.5. Watu wengi waliona kama mahakama zinapingana, kumbe hapana. Kwenye jinai lazima ushahidi uondoe shaka yoyote ya maana. Kwenye madai inatosha uonyeshe kwamba jambo lako lina uwezekano mkubwa kuliko la mwenzako. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda ya kwanza na kushindwa ya pili, kwa tukio lilelile.

Sasa turudi mezani. Barua inasema *you are liable for* kodi ya manispaa, ile *council tax*. Ukimwambia mama, "Wanasema una hatia," umeshamnyima usingizi wiki nzima. Atafikiria polisi, atafikiria makaratasi ya ukaazi. Kumbe barua inasema tu kwamba kodi hiyo inadaiwa kwake. Na kwa kawaida hapa Uingereza, mume na mke wanaoishi nyumba moja wanadaiwa wote wawili, hata kama jina kwenye barua ni la baba peke yake.

Kabla hatujaendelea, angalieni vineno vinavyofuata. *Liable for* ni kudaiwa kitu fulani: kodi, hasara, gharama. *Liable to* inaweza kuwa kudaiwa na mtu fulani, lakini pia inaweza isiwe na sheria yoyote ndani yake. *The pipes are liable to freeze* maana yake mabomba huenda yakaganda, basi. Na tafadhali msichanganye na *libel*, ambayo ni kumchafulia mtu jina kwa maandishi. Ukiongea haraka zinafanana, na mimi nimeshasikia watu wazima wakizigonganisha redioni.

Asili ya *liable* ni Kifaransa cha zamani, neno la kufunga, kama unavyofunga kamba. Mtu aliye *liable* amefungwa na jambo. Hata kama leo hadaiwi senti, kamba ipo, na siku mambo yakiharibika itavutwa.

Kwa Kiswahili tuseme nini? Tuyapime maneno tuliyonayo.

Wajibu ni mpana mno. Ni wajibu wako kumpigia bibi simu Ijumaa, lakini usipompigia hakuna atakayekupeleka mahakamani (bibi atakusema tu, na utasemeka). Jukumu ni kazi uliyokabidhiwa. Deni ni kile ambacho tayari unadaiwa, wakati *liable* inaweza kuwa deni ambalo bado halijazaliwa. Neno la wanasheria na watu wa bima ni dhima, limetoka kwenye Kiarabu, na ni neno zuri sana. Tatizo ni kwamba ukimwambia mama jikoni, "Mama, una dhima hapa," atakuuliza umeanza lini kusoma taarifa ya habari.

Kwa hiyo mimi nyumbani natumia sentensi nzima: "Ikitokea shida, wewe ndiye watakayekudai." Ndefu, ndiyo. Lakini hakuna anayeielewa vibaya.

Sasa nije kwenye neno ambalo ni hatari zaidi, kwa sababu tunadhani tunalijua: dhamana.

Mwaka juzi binamu yangu alipata nafasi chuo kikuu Manchester. Yeye na wenzake watatu wakatafuta nyumba. Kodi pauni 2,000 kwa mwezi, kila mmoja 500. Wakala wa nyumba akataka kila mwanafunzi alete *guarantor*. Binamu akamwambia ami, "Baba, wanataka mdhamini." Ami akafurahi kabisa! Kwake yeye, kumdhamini mtu ni kusimama mbele za watu na kusema huyu ni wangu, namjua, hatawaangusha. Hivyo ndivyo alivyodhaminiwa yeye mwenyewe alipoingia kwenye upatu wa kwanza alipofika nchi hii. "Nani atakataa kumdhamini mwanawe?" akasema, na kalamu iko mkononi.

Binamu akaniomba nisome kwanza. Ndani, katikati ya maneno mengi, kulikuwa na haya: *jointly and severally liable*.

Hapo Kiingereza chetu cha shule kinatudanganya. *Several* tumezoea ni "kadhaa", kwa hiyo unasoma kama vile wanasema "kwa pamoja na kwa wingi". Hapana. Hapa *several* ina maana yake ya zamani: mbalimbali, kila mmoja peke yake. Yaani wanadaiwa wote kwa pamoja, na vilevile kila mmoja anaweza kudaiwa zigo lote akiwa peke yake. Wawili wakihama bila kulipa, mwenye nyumba hana lazima ya kuwatafuta. Anaweza kumwendea yeyote aliyebaki na kudai zile 2,000 zote. Anayelipa anaweza baadaye kuwadai wenzake sehemu zao, lakini hayo ni yao wao. Mwenye nyumba ameshapokea chake.

Na karatasi ya mdhamini ilikuwa imefungwa kwenye maneno hayohayo. Ami hakuwa anamdhamini mwanawe tu. Alikuwa anawadhamini vijana watatu asiowajua hata kwa sura.

Nilipomwambia alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo si neno langu wanalotaka?" Nikamwambia hapana, ami, wanataka mfuko wako.

Kuna sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, ambayo bado inatumika, inayosema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haidaiwi mahakamani mpaka iwe kwenye maandishi na iwe na saini. Fikirieni hilo na mlilinganishe na kwetu, ambako mdomo wa mzee mbele ya mashahidi wawili unatosha kabisa. Hapa, ami angeweza kuahidi kwa mdomo mchana kutwa na mahakama isimshike. Saini moja, anashikwa. Ndiyo maana nasema neno ni lilelile, dhamana, lakini uzito umehamia kwenye kalamu.

Ami hakukataa kusaini. Aliomba jambo moja: iandikwe kwamba anadaiwa sehemu ya mwanawe tu, pauni 500 kwa mwezi, na iandikwe mwisho wake ni lini. Wakala akalalamika, akasema wengine wote wameshasaini, baada ya siku mbili akaileta imebadilishwa.

Januari mwenzao mmoja aliacha chuo na kuondoka. Ami hakuguswa. Binamu na wenzake bado walikuwa wanadaiwa kwa mkataba wao wa upangaji, lakini wao hawana kitu, kila mtu anajua. Wakala alimwendea baba wa msichana mwingine, ambaye alisaini ile karatasi ya kwanza kama ilivyokuja. Akalipa miezi mitano ya kijana ambaye hakuwahi kukutana naye. Alikuwa anaendesha basi usiku.

Kwa wale ambao wazazi wana biashara: hizo herufi *Ltd* mwisho wa jina la kampuni ni neno letu hilihili. Ni kampuni yenye dhima yenye ukomo. Bunge la Uingereza liliruhusu hilo mwaka 1855, na mwaka 1896, kwenye kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, majaji wakuu walithibitisha kwamba kampuni ni mtu wake na mwenye kampuni ni mtu mwingine. Kampuni ikifilisika, nyumba ya baba haiguswi. Isipokuwa pale benki inapomwambia asaini dhamana binafsi kabla ya kumpa mkopo. Na hilo hutokea sana. Unaona? Tumerudi palepale.

Kwa hiyo siku ukisogezewa karatasi yenye neno hili, usitafsiri neno. Uliza maswali manne, na mzazi naye ayasikie kwa Kiswahili: Nikisaini, nitadaiwa nini? Ni changu tu, au na cha wengine? Mwisho wake ni kiasi gani? Mwisho wake ni lini? Kama karatasi haijibu moja kati ya hayo, kalamu irudi mfukoni mpaka ijibiwe. Kuomba sentensi ibadilishwe si utovu wa adabu. Na kama karatasi ni nzito, vituo vya ushauri wa bure vipo, na ofisi ya wanafunzi chuoni mara nyingi ina mtu wa kuisoma kabla hujasaini.

Kazi ya nyumbani wiki hii: muulize mkubwa mmoja kwenu, "Dhamana maana yake nini?" bila kumwonyesha karatasi yoyote. Nataka kusikia wanasemaje Mombasa, wanasemaje Bukavu na Bujumbura, na wale wa Maskati ambao kwao Kiarabu kiko jirani. Tutumieni ujumbe wa sauti, mzuri kabisa tutaucheza kwenye kipindi.

Wiki ijayo: *waive*. Hiyo nayo ina mambo yake.