Eti Golikipa? Hebu Cheza Mechi Moja Bila Yeye

Haya wadau, leo hatuna picha za harusi wala nani kamtema nani. Leo tunaongea na kaka zetu, na baadhi ya dada zetu pia, maana ugonjwa huu hauchagui jinsia.

Kuna kaka mmoja wa Sumbawanga mjini, jina kapuni. Duka analo, bodaboda mbili anazo. Majuzi kaposti nyumba yake mpya, bati la rangi linang'aa balaa, chini kaandika: "Jasho langu mwenyewe. Mke wangu golikipa tu, ila nampenda hivyo hivyo." Emoji za kucheka kama zote. Komenti za "hongera mwamba" zikamiminika, na nyingine zimetoka kwa wanawake.

Sawa mwamba, tuongee mpira basi. Golikipa anasajiliwa. Analipwa mshahara. Timu ikishinda anapata bonasi, ikibeba kombe na yeye analinyanyua. Hujawahi kuona timu inachukua ubingwa halafu nahodha anamgeukia kipa anamwambia "wewe ulikuwa umesimama tu". Kwa hiyo kama mkeo ni golikipa, tunauliza swali moja dogo: mkataba wake uko wapi?

Tukumbushane kazi yenyewe. Sumbawanga iko juu, mwezi wa sita na wa saba baridi lake si la kitoto. Wewe unavuta blanketi, yeye kashawasha mkaa. Maji ya kuoga watoto yapate moto, uji uive, sare ziwe zimekauka, wa shule atoke, mdogo abaki mgongoni. Hapo hatujafika saa mbili asubuhi. Bado sokoni, bado maharage ambayo hayaivi kwa kuyaangalia, bado nguo, bado kliniki, bado mama mkwe anayeumwa mgongo. Usiku mtoto akipata homa, hakuna anayeuliza leo ni zamu ya nani.

Watu wa mikoani wanatutania sana Sumbawanga kwa habari za uchawi, wakati jina lenyewe watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi". Sasa ngoja tuwaambie uchawi wa kweli ulipo. Ni pale mwanaume anapoamini shati lake limejifua, ugali umejisonga na mtoto kajifunza kusema "shikamoo" mwenyewe. Huo ndio wa kutupa.

Tena hapo tunamzungumzia wa mjini. Shuka Laela, nenda Mpui, pita Matai, uone "mama wa nyumbani" wa Ufipa anavyokaa nyumbani. Anapanda, anapalilia, anavuna, anapukuchua, anaanika, anapepeta. Akirudi, yale yote ya nyumbani yanamsubiri. Ajabu inakuja wakati wa kuuza. Mahindi yakiwa shambani ni yetu, yakiwa kwenye ungo ni ya mama. Yakishaingia kwenye gunia na mnunuzi kafika, yanakuwa ya baba. Golikipa gani huyu anayecheza namba zote uwanjani?

Na hapa tuache utani kidogo.

Rukwa ni ghala la mahindi, kila mtu anajua. Tunalisha mikoa mingine. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na hapo tulikuwa vinara wa nchi nzima. Utafiti wa 2022 bado ulikuta karibu nusu. Nusu ya watoto, kwenye mkoa ambao magunia yanapangwa hadi darini!

Sababu ziko nyingi: mlo wa aina moja, maji, maradhi, mabinti kuzaa mapema. Ila kuna moja ambayo hatupendi kuitaja kwa sababu inatugusa. Mahindi hayajipiki. Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo, anatakiwa kula mara kadhaa kwa siku, chakula laini, chenye maharage au dagaa au mboga ndani yake, na mtu mwenye subira ya kumlisha. Mtu huyo yuko shambani toka alfajiri, akitoka hapo ana kuni na ndoo. Mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba na kiporo cha ugali.

Halafu semina zikija, analaumiwa mama. Hakuna anayeuliza ni saa ngapi huyo mama alikuwa na nafasi. Muda wake tumeufanya kitu cha bure, na cha bure siku zote kinatumika hovyo. Mwanaume hawezi kumwita fundi wa kulipwa amchoteshe maji kwanza, lakini mkewe atamtoa kwenye kumlisha mtoto aje amtafutie chaja. Ndiyo maana tunapiga kelele kuhusu thamani. Kisichohesabiwa hakilindwi, na kwetu Rukwa anayelipa gharama hiyo ni mtoto.

Haya, tufanye hesabu wanayoielewa wenye maduka. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpangia mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi. Asiyeishi kwa mwajiri, Sh 120,000. Chukua hiyo ndogo kabisa, zidisha mara miezi 12, ni Sh 720,000. Kwa bei hiyo hiyo, miaka 10 ya ndoa ni Sh milioni 7.2. Ukichukua ile ya pili ni milioni 14.4. Hapo tumehesabu kazi moja tu, tena kwa kima cha chini. Hatujaweka shamba, uuguzi wa wazee, wala kulala macho. Kaka yetu wa bati la rangi, hizo hela hukuzitoa mfukoni. Ziko wapi? Ziko juu ya nyumba, zinang'aa.

Hata serikali duniani zina kasoro hii. Ukimlipa dada wa kazi, mshahara wake unaingia kwenye Pato la Taifa. Ukimwoa, anapika jiko lile lile, anafua nguo zile zile, ila kwenye hesabu za nchi kapotea. Wanawake wa Iceland walichoka mapema. Tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 yao waligoma kazi zote, za ofisini na za nyumbani. Akina baba wakaenda kazini na watoto mkononi, na soseji ziliisha madukani kwa sababu ndicho walichoweza kupika. Siku moja tu!

Wengine mtasema hayo ni ya Wazungu. Poa, turudi nyumbani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inasema mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inaweza kugawanywa ndoa ikivunjika, na mchango unahesabiwa kwa fedha, mali au kazi. Majaji wakabishana: je, kupika na kulea ni kazi ya aina hiyo? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikajibu: ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Zaidi ya miaka 40 sasa. Sheria ilishalimaliza hili kabla wengi wetu hatujazaliwa, sisi bado tunacheka na golikipa.

Na tuwe wakweli, Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao. Mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya. Kwa hiyo wale wa "wapo wavivu, wapo wanaoshinda kwenye simu", jibu lenu lipo humo humo: mchango unapimwa. Wavivu wapo. Hata maofisini wamejaa, na hatujawahi kufuta mishahara ya wote kwa ajili yao.

Tatizo letu na kifungu hicho ni moja: kinaamka ndoa ikishakufa. Mwanamke asubiri talaka ndipo aambiwe alikuwa anafanya kazi? Hapana bana.

Hatusemi mume amlipe mkewe mshahara kila tarehe 30 na amsainishe vocha. Tunasema hivi. Kiwanja na nyumba viandikwe majina mawili, leo, mkiwa bado mnapendana. Magunia yakiuzwa, wote wawili mjue bei na mkae mezani kupanga hela. Awe na akiba yenye jina lake, isiyo ya kuombwa. Na wewe mwenye misuli, chota maji, mlishe mtoto, mkono haukatiki. Dada zetu wa ofisini nao, acheni kumwita mwenzenu "kula kulala" huku kwenu mmemwachia binti wa Sh 60,000 kazi hiyo hiyo na ikiwashinda siku akienda likizo.

Kaka mwenye bati, nyumba ni nzuri kweli, hongera. Rudi tu kwenye ile posti, futa neno "mwenyewe", andika "wetu". Halafu nenda na shemeji yetu ofisi ya ardhi.

Wadau, kwenye hati ya kwenu kuna majina mangapi? Tiririkeni hapo chini, bila matusi.