Kodi ya Riba: Mwenye Haba Naye Arudishiwe

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, na walimu wetu huitaja kila wanapotuhimiza tuweke akiba. Mimi sina ugomvi na wahenga. Swali langu, wasomaji wapenzi, ni hili: kibaba kikianza kujaa, ni nani anayechota kabla ya mwenyewe kuonja? Na akichota asichostahili, mbona hakuna mlango wa kwenda kukidai?

Nazungumzia kodi ya riba. Najua wengine wenu mnataka kufungua ukurasa wa mashairi na vichekesho. Ngojeni kwanza. Jambo hili liko karibu nasi kuliko tunavyodhani, hasa sisi wa shule ya kutwa ambao karo na nauli zetu hutoka kwa akina mama wa vibanda na akina baba wa vibarua.

Mtu akiweka pesa benki, benki humlipa riba. Lakini riba hiyo haimfikii yote. Sheria ya Kodi ya Mapato inaitaka benki ikate asilimia 15 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA. Tena kwa mwananchi wa kawaida kodi hiyo ni ya mwisho. Maana yake ni kwamba ikishakatwa, hesabu imefungwa. Mwenye pesa haongezewi kodi, wala harudishiwi hata senti.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mama yangu huuza mboga. Tuseme ameweka shilingi 40,000 kwa mwaka mmoja katika akaunti ya muda maalum, ile ambayo wengi huiita fiksi, kwa riba ya asilimia 8. Riba yake ni shilingi 3,200. Benki inakata 480, naye anapokea 2,720. Utasema, "Lo! Kwani 480 ni nini?" Nitakujibu. Mimi hulipa matatu shilingi 50 asubuhi na 50 jioni. Hiyo 480 ni nauli yangu ya karibu juma zima. Mwenye gari haoni juma hilo. Mimi naliona.

Sasa tazameni upande wa pili. Sheria hiyohiyo inamhurumia mtu wa kipato kidogo. Shilingi 24,000 za kwanza za kila mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, lakini kila mkaazi hupewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Toa hiyo kwa hiyo, inabaki sufuri. Kwa hivyo mtu ambaye mapato yake kwa mwaka hayazidi shilingi 288,000 hadaiwi kodi ya mapato. Serikali yenyewe imekiri kwamba huyu ni mnyonge, aachwe apumue. Basi kwa nini akiweka akiba aonekane tajiri ghafla? Mkono mmoja unampa nafuu, mkono wa pili unampokonya.

Isitoshe, kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwenye mshahara mnono hukatwa asilimia 30 katika sehemu ya juu ya mshahara wake, na tangu mwaka 2023 anayepita shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35 katika kile kinachozidi hapo. Lakini riba yake ya benki? Asilimia 15 tu, na hesabu imefungwa, sawa na ya muuza mboga. Kwake yeye kufungwa kwa hesabu ni zawadi, maana angetozwa zaidi. Kwa muuza mboga ni hasara, maana asingetozwa chochote. Ama kweli, kamba hukatikia pembamba.

Je, jambo hili lina dawa? Ndiyo. Tuwatazame Waingereza, kwa kuwa sheria zetu nyingi zilitoka kwao. Kwa miaka mingi benki za Uingereza nazo zilikata kodi ya riba, asilimia 20. Lakini hawakufunga hesabu. Mtu ambaye mapato yake hayakufika kiwango cha kutozwa kodi aliweza kujaza fomu iliyoitwa R85, akalipwa riba yake nzima bila kukatwa. Mzazi aliweza kuijaza kwa niaba ya mtoto wake mwenye umri wa chini ya miaka 16. Na aliyekwisha kukatwa alikuwa na fomu nyingine, R40. Humo alitangaza riba yote aliyopata na kodi aliyokatwa, kisha akadai alichozidishiwa. Tangu Aprili 2016 benki zao hazikati tena kodi hiyo, lakini fomu ya R40 ingalipo, na mtu ana miaka minne ya kudai.

Hapa kwetu pia kurudishiwa kodi si jambo geni. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara kupita kiasi hujaza fomu zake katika mtandao wa iTax na kudai, naye amepewa muda wa miaka mitano. Mlango upo, ila mwenye akiba ndogo hakupewa ufunguo wake.

Wako watakaonipinga. Wa kwanza atasema serikali itapoteza pesa, na pesa hizo ndizo zinazojenga shule. Hoja hii naiheshimu. Mwaka 2018 serikali iliweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na pesa hizo zilitoka kwenye kodi. Mimi sisemi watu wasilipe kodi. Nasema alipe anayestahili, na asiyestahili arudishiwe. Kodi iliyotozwa kimakosa haiwi halali kwa sababu imefanya kazi nzuri.

Wa pili atasema kazi itakuwa nyingi, eti KRA itazama katika fomu za watu wa shilingi mia nne. Lakini si kila mwenye namba ya PIN tayari anatakiwa kujaza fomu kabla ya Juni 30 kila mwaka, hata kama hakupata kitu? Na si benki ndiyo inayokata kodi hiyo na kuipeleka yenyewe? Habari zote zipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja tu katika fomu: riba niliyopata ni hii, kodi niliyokatwa ni hii, nirudishieni.

Wa tatu atasema pesa ni kidogo mno. Huyo namjibu kwa methali nyingine: chovyachovya humaliza buyu la asali.

Lakini haki huja na wajibu. Anayetaka kurudishiwa sharti atangaze yote. Mtu asifiche akaunti mbili akatangaza moja, wala mwenye nyumba za kupangisha asijifanye hohehahe. Ndiyo maana napendekeza nafasi hii iwe ya wale tu ambao mapato yao yote, riba ikiwemo, hayapiti shilingi 288,000 kwa mwaka. Anayedanganya achukuliwe hatua.

Kwa hivyo nawaomba waheshimiwa wabunge, kila Juni wanapojadili mswada wa fedha, wakumbuke kifungu hiki kidogo. Nasi wanafunzi tusikae kitako. Mwombe mzazi akuonyeshe karatasi ya benki, umsaidie kuisoma. Tafuteni pamoja mahali palipoandikwa kodi, mpige hesabu. Wazazi wengi hawajui kwamba wanakatwa, na asiyejua amekatwa hawezi kudai. Karibuni tutatimiza miaka 18, tutapata vitambulisho na namba za PIN. Tusiingie humo gizani.

Tumefundishwa kuweka akiba. Ni vyema pia tufundishwe kuilinda, na sheria itusaidie kuilinda. Mwenye maoni tofauti nakutana naye kwenye mdahalo wa Chama cha Kiswahili. Aje na kalamu na hesabu zake.