Je, Ubatizo Wafuta Ukoo?

Wako ndugu zetu hapa Namswea wasemao kwamba Mkristu wa kweli hana haja tena ya jina la babu yake, wala ya Kimatengo chake. Mtoto akibatizwa, wataka aitwe Yohane tu. Ndunguru na Kapinga, wasema, ni mambo ya giza. Sisi twakataa, na sababu zetu ni hizi.

Tuwatazame Wayahudi, maana ndio waliotutangulia katika imani. Bwana wetu alitahiriwa siku ya nane kwa desturi ya taifa lake. Mtume Paulo, hata baada ya kubatizwa, aliwaandikia Warumi kwamba yeye ni Mwisraeli wa kabila la Benyamini. Timoteo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alimtahiri. Tito, aliye Myunani, hakulazimishwa.

Wala msiseme hayo ni ya zamani. Aron Lustiger alizaliwa Paris mwaka 1926, wazazi wake Wayahudi. Alipobatizwa mwaka 1940 aliongeza jina la Jean-Marie, lakini Aron hakulitupa. Mama yake alifia Auschwitz mikononi mwa Wanazi. Mwaka 1981 akawa Askofu Mkuu wa Paris, halafu Kardinali, naye hakuacha kusema kwamba yu Myahudi. Wako Wayahudi waliokasirika, wakisema amelihama taifa lake. Hata hivyo hakunyamaza. Alipozikwa mwaka 2007, Kaddish, sala ya Wayahudi kwa wafu, ilisomwa mbele ya kanisa la Notre-Dame. Ikiwa Kardinali hakuona haya kuitwa Aron, sisi twaona haya gani kuitwa Ndunguru?

Hatusemi ya kale yote ni mema. Ramli na uchawi tumeviacha, tusivirudie. Lakini mlima ngoro afanyaje? Majani hayachomi moto. Huyafyeka, huyapanga miraba miraba, huyafunika kwa udongo. Maharage huota juu yake, na shimo la katikati huzuia maji ya mvua. Achomaye yote shamba lake laonekana safi, lakini masika yakija udongo hushukia mtoni.

Basi, wazazi, mpelekapo mtoto kubatizwa, mtajeni na babu yake. Nanyi jioni, mkisali pamoja nyumbani, mfundisheni Baba Yetu kwa Kimatengo pia. Mungu aliyeziumba lugha zote aisikia.