Acheni Kukopa Pesa ya Keki

Wasee, tuseme ukweli. Kuna watu hapa wanakopa kwa simu ndio wanunue keki ya bathdei. Inapigwa picha dakika tano, inakatwa, inaisha. Deni linabaki. Ukiwaambia waoke nyumbani wanakujibu, "Sina oveni."

Oveni si lazima. Mama zetu walioka kwa jiko la makaa kitambo: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ya keki ndani yake, kifuniko, makaa mengine juu. Joto linatoka chini na juu, keki inaiva.

Ila usianze na keki ya kufura. Hiyo inategemea hewa, na moto wa jiko ukiyumba, inaanguka katikati. Anza na keki ya tufaha ya matabaka, ile Wafaransa wanaita keki isiyoonekana. Unga wake ni kidogo hadi ikiiva unaona tu tufaha juu ya tufaha. Haina mahali pa kuanguka.

Unahitaji matufaha sita, mayai mawili, unga gramu 70 (kama nusu kikombe), sukari gramu 50, maziwa mililita 100, siagi kidogo iliyoyeyushwa na kijiko cha chai cha bekin pauda. Matufaha mengi ya vibandani hutoka Afrika Kusini na bei yake inauma, lakini yale yenye alama mama mboga anakupunguzia, na kwa keki hakuna atakayejua.

Kazi yenyewe ni kukata. Kila kipande kiwe chembamba, kama milimita mbili. Ukikata vinene, unga utaiva na tufaha bado litakuwa gumu. Chovya vyote kwenye uji wa unga, kisha vipange vikiwa vimelala, tabaka baada ya tabaka. Moto uwe wa wastani, karibu saa moja, mpaka kisu kiingie bila kukwama. Halafu usiguse! Ikikatwa ikiwa moto inamwagika. Iache ilale usiku mzima.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua mtauliza cheti changu cha upishi kiko wapi. Sina. Lakini mathe wangu alifika miaka 46 bila kukatiwa keki hata siku moja. Kwetu keki ilikuwa kitu cha kununua, na pesa ikipatikana ilikuwa na kazi nyingine: fizi, kodi, unga. Mwaka jana nilimwokea hii. Alihesabu matabaka na kidole, akauliza nimekata haya yote saa ngapi. Hakuniuliza bei.

Ndio maana nakataa mtu akisema keki ya nyumbani ni ya watu wasio na pesa. Ile ya dukani inaonyesha una pesa, ama una deni. Hii inaonyesha ulikaa chini masaa mawili ukikata matufaha kwa sababu ya mtu mmoja. Na nyinyi maboys mnaosema jikoni si kwenu, kisu hakiulizi jinsia.

Wikendi ndiyo hii. Nunua sita, oka, kisha uniambie kipande cha kwanza ulimpa nani.